UZI: Kuusoma mto mdogo wa mlimani, Mto Morogoro na wenzake wa Uluguru, kutoka kilele hadi bomba la Dar

MchoraRamani (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila maji ya Mto Ruvu yanaposhuka, Dar tunaanza kupanga ndoo na mjadala wote unaishia kwenye pampu na mabomba. Oktoba 2022 ilikuwa hivyohivyo: mgao ukatangazwa, watu wengi wakauliza mitambo ina nini, wachache wakauliza mto una nini. Nimefungua uzi huu tuuzungumze mto wenyewe, tena ule mdogo wa juu kabisa, kwa sababu maji ya Septemba na Oktoba yanaamuliwa kule.

Tuanze na mpangilio. Mtambo wa Ruvu Juu uko Mlandizi na wa Ruvu Chini uko Bagamoyo. Yote miwili inanyonya mto uleule, Ruvu, na ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya maji ya jiji. Ruvu yenyewe inazaliwa Uluguru. Upande wa mashariki wa milima kuna Mfizigo na Mvuha. Mgeta inatokea upande wa magharibi, inazunguka kusini mwa milima ndipo inakuja kukutana na Ruvu. Upande wa kaskazini kuna Ngerengere, na ndani ya Ngerengere ndiko unakoingia Mto Morogoro, ule unaokatiza mjini.

Nachukua Mto Morogoro kuwa mfano kwa sababu ni mfupi na unafikika. Kilele cha Lupanga juu yake kina mita 2,138 kutoka usawa wa bahari, na mji uko kwenye mita 500 hivi. Ni anguko la zaidi ya mita 1,600 ndani ya kilomita chache tu. Mto wa namna hiyo hautambai kama Ruvu inavyotambaa Mlandizi. Unashuka kwa ngazi: poromoko fupi, kidimbwi, mawe makubwa, poromoko tena. Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, miamba ya kale sana iliyopikwa kwa joto na mgandamizo, kisha ikanyanyuliwa kwa mipasuko ya ardhi. Penye mwamba mgumu mto umeshindwa kuchimba na hapo ndipo unaliona poromoko. Penye ufa au mwamba laini umechimba korongo. Ukifika kwenye kitako cha mlima mteremko unakatika ghafla, mto unapoteza nguvu, na mzigo wa mawe na mchanga unatuliwa hapo. Ndiyo maana sehemu ile ya mji iliyo chini ya mlima imekaa juu ya mawe na mchanga ulioletwa na mito.

Kingine cha kushika mapema ni kwamba pande za Uluguru hazifanani. Mashariki inatazama bahari. Pepo za kaskazi na kusi zote zinaleta unyevu, mlima unaupandisha, unapoa, unanyesha. Huko kuna maeneo yanayopata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka na karibu kila mwezi kuna mvua. Magharibi, upande wa Mgeta ambako kabichi na karoti za masoko ya Dar zinalimwa, kiangazi ni kiangazi kweli. Kwa hiyo mito miwili yenye urefu sawa kwenye ramani inaweza kutofautiana kabisa mwezi wa tisa.

Mwalimu_Temeke

Asante sana mkuu. Nauliza kwa niaba ya walimu wenzangu wa jiografia. Kwa treni ya SGR sasa kwenda Morogoro na kurudi siku hiyohiyo kunawezekana na kikundi cha wanafunzi. Tunataka wafanye mambo mawili: wachore mipaka ya eneo linalomwaga maji kwenye mto, na wapime maji yanayopita. Vifaa vyetu ni tepu, kamba, rula ya mita moja na simu. Inatosha?

MchoraRamani

Mwalimu, inatosha kabisa. Nianze na mipaka, na hiyo mwimalize kabla hamjaondoka Dar.

Tumieni ramani ya 1:50,000 yenye mistari ya mwinuko. Chagueni kwanza sehemu moja mtakayosimama kupima, mfano chini ya daraja, muiwekee alama. Mipaka haianzi kileleni, inaanzia kwenye hiyo alama. Kutoka hapo pandeni upande wa kushoto kwa penseli mkikata kila mstari wa mwinuko kwa pembe mraba na kufuata mgongo hadi kileleni, halafu rudini kwenye alama mkianza upya upande wa kulia, mpaka mistari miwili ikutane juu. Kanuni ya kutofautisha: mistari ya mwinuko ikichora herufi V ambayo ncha yake inaelekea juu mlimani, hapo pana kijito. Ncha ikielekea bondeni, hapo ni mgongo. Mstari wa mpaka ukikata kijito popote zaidi ya ile alama, umekosea. Futa, rudi nyuma.

Angalieni pembezoni mwa ramani kama mistari imepishana kwa mita 20 au kwa futi, kwa kuwa ramani za zamani bado zinazunguka. Na tahadhari kubwa zaidi: ramani nyingi za zamani zimechorwa kwa mfumo wa namba za mahali (koordineti) uitwao Arc 1960, simu inasoma mfumo mwingine, WGS84. Ukihamisha namba bila kubadilisha mfumo, utajikuta umehama karibu mita 300 kwa mhimili wa kaskazini na kusini. Mlandizi hutaona tofauti. Uluguru, mita 300 zinakupeleka kwenye bonde la jirani.

Mkitaka kufanya kwa kompyuta, programu ya ramani ya QGIS ni ya bure na data ya mwinuko ya SRTM (iliyopimwa kwa rada kutoka angani) ya vimraba vya mita 30 ni ya bure. Hatua ni hizi: hamisha data iwe kwenye mfumo wa ramani wa UTM, kanda ya 37 Kusini, jaza mashimo ya uongo, tengeneza mwelekeo wa maji, jumlisha maji, kisha weka kiwango cha kuanzia kijito. Kila kimraba ni mita 900 za mraba, kwa hiyo ukiweka vimraba 500 umesema kijito kinaanza kinapokuwa na kilomita za mraba 0.45 nyuma yake. Ukiweka 50 utaona vijito vingi vya kubuni na ukiweka 5,000 utapoteza vya kweli. Hakuna namba ya vitabuni hapa, linganisha na picha ya satelaiti.

Linaloharibu kazi kwenye msitu ni kwamba rada ya SRTM iliona sehemu ya majani, haikufika ardhini kila mahali. Penye miti ya mita 30 ukingoni na uwazi wa shamba kando yake, kompyuta inaona "kilima" kisichokuwepo na inausukuma mto kando. Ukiona mto umechorwa ukipita katikati ya shamba lililo mteremkoni wakati korongo liko pembeni, tatizo ni hilo. Ramani za karatasi nazo zina dosari yake: zilichorwa kutoka picha za ndege, na vijito vilivyofunikwa na miti havikuonekana. Idadi ya vijito vya juu ichukuliwe kuwa ndogo kuliko iliyopo.

FundiKisima

Naongezea upande wa kupima maji. Njia ya kitu kinachoelea ni hii.

Tafuteni kipande kilichonyooka cha mita 10 kisicho na jiwe kubwa katikati wala maji yanayorudi nyuma. Mlimani kipande hicho ni adimu, tembeeni mpaka mkipate, msilazimishe. Fungeni kamba mbili kukatiza mto, moja juu moja chini. Kwenye kila kamba pimeni upana, kisha kina kila baada ya nusu mita, mkianza na sifuri ya ukingoni na kumaliza na sifuri ya ukingo wa pili. Zidisheni kila kipande, jumlisheni, chukueni wastani wa kamba mbili.

Kitu cha kuelea kiwe chungwa. Linazama karibu lote, halisukumwi na upepo, linaonekana kwa mbali na likipotea halichafui mto. Chupa tupu ya plastiki haifai, upepo unaibeba. Litupeni mita mbili tatu juu ya kamba ya kwanza ili lishike kasi ya maji kabla hamjaanza kuhesabu. Rudieni mara kumi, kushoto, katikati na kulia. Zile zilizonasa kwenye jiwe zitupeni, msizihesabu.

Mfano wa hesabu tu: upana mita 4, kina cha wastani mita 0.3, eneo ni mita za mraba 1.2. Chungwa limetumia sekunde 20 kwa mita 10, kasi ya juu ni mita 0.5 kwa sekunde. Maji ya chini yanakwenda polepole kuliko ya juu, kwa hiyo zidisheni kwa 0.85. Inakuja mita za ujazo 0.51 kwa sekunde, yaani lita 510.

Hidro_Kimara

FundiKisima, hatua zako ziko sawa ila hiyo 0.85 si ya mto wa mawe. Inafaa mfereji au mto wa chini wenye sakafu laini. Mlimani mawe ya sakafuni yanazuia maji kwa nguvu zaidi na kina ni kidogo, hivyo kasi ya wastani inashuka hadi kati ya 0.6 na 0.75 ya kasi ya juu. Kwa mfano wako nitatumia 0.7: 0.5 mara 0.7 mara 1.2 ni 0.42, yaani lita 420 kwa sekunde. Umezidisha maji kwa zaidi ya asilimia 20 kwa namba moja tu. Watu wengi wanaharibu hapo, halafu mwaka unaofuata mtu mwingine anatumia 0.7 mahali palepale na inaandikwa kwamba mto umepungua.

Kama shule au chuo kina mita ya kupima upitishaji umeme wa maji, njia ya chumvi ni bora zaidi mlimani. Maporomoko yanayoharibu njia ya chungwa ndiyo yanayoisaidia hii, kwa sababu yanachanganya. Hesabu ya chumvi ni kilo mbili kwa kila mita ya ujazo kwa sekunde unayokisia. Kwa mto wa lita 400, kilo moja inatosha. Iyeyusheni yote kwenye ndoo ya lita 10 ya maji ya mto mpaka pasibaki punje chini, kwa sababu punje iliyobaki ni chumvi uliyoihesabu lakini haikupita kwenye mita. Mwageni kwa mkupuo mmoja katikati ya mkondo. Mtu wa mita akae chini zaidi, umbali wa angalau mara 25 ya upana wa mto, asiwe kwenye maji yaliyotuama. Asome kila sekunde 5, tangu kabla ya chumvi kufika mpaka namba irudi ilipokuwa.

Kabla ya hapo mita isawazishwe kwa maji ya mto huohuo: gramu 10 za chumvi kwenye lita moja, chukueni mililita 10 za mchanganyiko huo mtie kwenye mililita 990 za maji ya mto. Hiyo ni miligramu 100 kwa lita. Kama mita imepanda kwa 200, basi kila kizio kimoja ni miligramu 0.5 kwa lita.

Sasa tuseme mmesoma mara 40, na ongezeko la kila usomaji likijumlishwa ni 1,000. Mara sekunde 5 ni 5,000. Mara 0.5 ni 2,500, yaani gramu 2.5. Gramu 1,000 gawanya kwa 2.5 unapata lita 400 kwa sekunde. Njia mbili zikipishana kwa asilimia 5 hivi, lalieni usingizi. Zikipishana kwa nusu, kuna kipimo kimoja kimeharibika, na mara nyingi ni kina.

Baada ya kupata lita, gawanyeni kwa eneo mlilochora. Lita 420 kwa eneo la kilomita za mraba 15 ni lita 28 kwa sekunde kwa kila kilomita ya mraba. Na milimita moja ya maji juu ya kilomita ya mraba moja kwa siku ni mita za ujazo 1,000, sawa na lita 11.6 kwa sekunde. Kwa hiyo hizo 28 ni kama milimita 2.4 kwa siku zinazotoka mlimani. Sasa unaweza kulinganisha mto na mto bila kujali ukubwa.

Bint_Kigamboni

Naomba kuuliza. Tumefundishwa miti inaleta maji. Basi tukipanda miti mingi huko juu, Ruvu itajaa?

Hidro_Kimara

Dada, hapo pana kosa linalogharimu. Mti unakunywa maji. Ukipanda mikaratusi kuzunguka chemchemi, chemchemi inaweza kukauka, kwa sababu mti ule unakua haraka na unavuta sana. Kwa jumla ya mwaka, mlima uliofyekwa mara nyingi unatoa maji mengi zaidi ya ule wenye msitu. Ila yanatoka vibaya: yanakuja yote siku ya mvua, yana tope, na Septemba hakuna kitu.

Kinachotupa maji ya kiangazi ni udongo wa msitu wa asili. Majani yanaoza, mizizi inakufa na kuacha matundu, wadudu wanachimba, na ardhi inakuwa kama sponji. Mvua inazama badala ya kuteleza. Inashuka kwenye mwamba uliooza chini, inatembea polepole, inatokea kama chemchemi miezi baadaye. Udongo huo haupandwi kwa msimu mmoja, unachukua miongo mingi. Kuulinda msitu uliopo kuna faida kubwa kuliko sherehe ya kupanda miche.

Jambo la pili ni ukungu. Kwenye vilele, wingu linapita katikati ya miti, kigoga na kuvumwani, zile ndevu za kijani zilizoning'inia kwenye matawi, zinashika matone na kuyadondosha. Siku isiyo na mvua mjini, chini ya miti ile panatona. Ukifyeka, wingu linapita bure.

Chemchemi ikiwa imeharibika, mikuyu ndiyo salama zaidi kuliko mti wa mbao. Na sheria ipo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwenye mteremko mkali mita 60 zipimwe, msikadirie kwa macho.

Pugu_Kajiungeni

Nitie linganisho la hapa nyumbani. Mto Msimbazi nao unatoka kwenye vilima vyenye msitu, Pugu na Kisarawe, lakini vilima vile ni vya mita mia tatu hivi. Haviwezi kupandisha upepo wa bahari kiasi cha kupata mvua ya mwaka mzima, na hakuna ukungu wa kudumu. Chini yake ni mchanga na udongo wa mfinyanzi, na kuanzia Gongo la Mboto hadi Jangwani ni mapaa na lami. Ndiyo maana masika unajaa ndani ya saa chache na kiangazi kinachotiririka ni maji ya majumbani zaidi kuliko ya vilimani. Mvua ileile ikinyesha juu ya Lupanga na juu ya Pugu, mito inatoa majibu mawili tofauti.

Mto Kizinga ni wa katikati. Mtambo wa Mtoni umeundwa kuchukua lita milioni 9 hivi kwa siku kutoka kwake. Ule mfano wenu wa lita 420 kwa sekunde ni zaidi ya lita milioni 36 kwa siku. Kijito cha mlimani cha upana wa mita 4, mara nne ya mtambo mzima wa mjini.

Mkulima_wa_Kibamba

Wakuu, naona wakulima wa mlimani wanaelekea kubebeshwa lawama zote. Historia iwekwe sawa. Wakati wa ukoloni Waluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani, na mwaka 1955 vurugu zikatokea Matombo, upande wa mashariki. Hawakuwa wakaidi tu. Upande ule udongo mzuri ni tabaka jembamba juu. Ukichimba ngazi pana unaufukia na kuleta juu ule usiozaa. Mgeta ngazi zimefaa, Matombo hazikufaa. Mlima mmoja, pande mbili.

Kinachofanya kazi kwenye mteremko mkali ni mistari ya majani kama matete au majani ya tembo inayofuata kontua (mistari ya mwinuko), na miti ya matunda na viungo yenye kivuli, ardhi isibaki uchi masika yanapoanza. Miaka ya 2000 mwishoni vijiji vya Kibungo Juu viliingia kwenye mpango ambao watumiaji wa maji wa chini, wakiwemo DAWASCO (iliyokuwa kampuni ya maji ya Dar) na kiwanda cha soda cha Coca-Cola Kwanza, walichangia malipo kwa wakulima waliobadili kilimo. Wazo lile ni la haki. Anayekunywa Mbezi amlipe anayeacha kulima ukingoni.

MchoraRamani

Mkuu nakubaliana na wewe kabisa, na bwawa la Kidunda kwenye Mto Ruvu halibadilishi hoja yako. Bwawa lile la mita za ujazo milioni 190 litahifadhi maji ya masika kwa ajili ya kiangazi, ni jambo jema. Lakini bwawa linapokea na tope. Kila tani ya udongo inayoteremka kutoka mlimani inachukua nafasi ya maji mle ndani, na kulizoa ni gharama kubwa kuliko kulizuia.

Mwalimu_Temeke

Nimeelewa. La mwisho: mwezi gani na saa ngapi, na usalama wa watoto?

FundiKisima

Mwalimu, kama mnataka kujua mto unabakiza nini, nendeni mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba kabla ya vuli. Pimeni baada ya siku tano bila mvua, vinginevyo mnapima mvua ya juzi. Asubuhi ni salama zaidi, mawingu ya kilele hujaa mchana. Aprili msiingize mtoto mtoni.

Mipaka ya kuingia: kina kwa mita zidisha kasi kwa mita kwa sekunde. Kwa wanafunzi isizidi 0.5, na maji yasipite goti. Jua linaweza kuwaka mjini huku juu kunanyesha. Maji yakibadilika rangi ghafla, majani na vijiti vikaanza kuteremka kwa wingi, au mkisikia mawe yanagongana chini ya maji, kila mtu atoke upande aliotokea, asivuke, hata kama tepu inabaki.

Mkiishia mjini chini ya daraja hamhitaji kibali cha hifadhi. Mkitaka kupanda hadi ndani ya msitu, ule ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru iliyo chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), kibali na mwongoza njia mpate kwenye ofisi yao Morogoro mapema. Njiani mkipanda, hesabuni na mipira ya plastiki na mifereji inayochukua maji kutoka mtoni juu ya sehemu yenu ya kupimia. Ikiwa mpira unaweza kutolewa kwa ruhusa ya mwenyewe, jazeni ndoo ya lita 20 mkihesabu sekunde: sekunde 10 ni lita 2 kwa sekunde. Mipira ishirini ya hivyo ni lita 40, na hizo mziongeze kwenye kipimo chenu kabla hamjasema mlima umetoa kiasi gani.

Kwenye daftari yaandikwe: tarehe, saa, mahali kwa namba za simu na mfumo wa namba hizo, kina cha kila nusu mita, sekunde za kila chungwa, kizidisho mlichotumia, siku zilizopita tangu mvua ya mwisho, na rangi ya maji. Kizidisho msikisahau. Wanafunzi wa mwaka unaofuata watumie kilekile, mahali palepale.